Kuthubutu na Kuthibitisha: Ujasiri wa Kusema katika Kusadikika na katika Barua ya Machemba



1. Utangulizi

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii haimwimbii shujaa sifa. Inapiga hesabu ya gharama tu: mwoga hurudi jioni akala na wanawe, na nyumbani kwa shujaa watu hukusanyika kuomboleza. Mtu akiitafakari vizuri ataona kwamba inauliza swali gumu, nalo ni hili: je, ujasiri una faida gani ikiwa malipo yake ni msiba?

Katika mhadhara huu nakusudia kulitazama swali hilo kwa kusoma maandishi mawili ya Kiswahili bega kwa bega. La kwanza ni riwaya ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni, yaani Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. La pili ni barua iliyoandikwa mwaka 1890 kutoka Luagala, katika uwanda wa juu wa Makonde, ambao leo umo ndani ya Mkoa wa Mtwara. Mwenye barua alikuwa Machemba, mtawala wa Wayao. Mpokeaji alikuwa Hermann von Wissmann, Kamishna wa Dola ya Ujerumani. Riwaya ni ya kubuni, barua ni ya kweli. Moja ilitungwa na mzaliwa wa Tanga, kaskazini mwa pwani yetu. Nyingine ilitoka kusini, karibu na mto Ruvuma. Hata hivyo, naamini kwamba yote mawili yanauelewa ujasiri kwa namna moja, na kwamba namna hiyo imehifadhiwa ndani ya lugha yenyewe.

2. Maneno ya ujasiri

Kwa kuwa mimi ni mtu wa isimu, naomba niruhusiwe kuanza na maneno. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja sifa hii. Shujaa humkumbusha msikilizaji vita na silaha. Jasiri ni mtu asiyeogopa, lakini neno hilo lina upande wa pili: katika mazungumzo ya kila siku, mtoto anayemjibu mzee bila adabu huambiwa kuwa ana ujasiri, na hapo hakusifiwa. Hodari ni mwenye nguvu na bidii.

Neno linalonivuta zaidi ni kuthubutu. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa imara, kusimama pasipo kutikisika. Mzizi huo huo umetupatia thabiti, uthabiti na kuthibitisha. Kwa hiyo, katika Kiswahili, anayethubutu na anayethibitisha ni ndugu wa ukoo mmoja. Anayethubutu amesimama imara mbele ya hatari. Anayethibitisha amelisimamisha neno lake imara kwa hoja na ushahidi. Nasi tumeligeuza neno hilo kuwa kemeo pia. Mama humwambia mwanawe "Thubutu!", na mtoto akatambua kwamba njia imefungwa. Neno lile lile hutumika kumsifu aliyesema na kumzuia anayetaka kusema. Jamii nzima imo ndani ya utata huo.

3. Karama barazani

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika serikali ya kikoloni. Aliijua vema lugha ya amri na lugha ya mashtaka, kwani ndizo zilizopita mezani kwake. Alipoandika kuhusu nchi iliyo angani, msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa ni nchi gani ya ardhini iliyofanana nayo.

Kisa chenyewe kinafahamika. Karama anashtakiwa na waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria katika Kusadikika. Hakushika upanga, hakukusanya jeshi, hakumtukana mfalme. Alitaka watu wajifunze sheria, na hilo likahesabiwa kuwa hatari kwa nchi. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alisafiri kwa taabu, akarudi na jambo la manufaa kwa nchi yake, na kila mmoja akalipwa adhabu.

Hapa methali yetu inaonekana kushinda: sita wamethubutu, na sita wamepata kilio. Lakini tutazame namna Karama anavyoitumia habari yao. Hawaliliwi tu barazani. Wanaletwa wawe ushahidi. Mmoja wao anaitwa Buruhani, jina lenye maana ya hoja ya yakini, yaani uthibitisho. Jina la nchi nalo linatokana na kusadiki. Kusadikika ni nchi inayoishi kwa yale yanayosadikiwa, na wakubwa wake wangependa yaendelee kusadikiwa bila kuulizwa. Katikati ya nchi kama hiyo anasimama mtu mmoja anayetaka mambo yathibitishwe. Ndiyo maana waziri anatishika. Majivuno, kama jina lake lilivyo, anahitaji kusadikiwa. Hawezi kustahimili kupimwa.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni adabu ya Karama. Husema kwa heshima, hulitambua baraza, hutumia lugha iliyopimwa. Wapo wahakiki walioihesabu adabu hiyo kuwa udhaifu. Wamesema pia kwamba mwisho wa riwaya umelainishwa mno, kwa kuwa ni mfalme anayewafungua wafungwa, wala si umma uliojikomboa. Hoja hiyo ina uzito, nami nitairudia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba heshima ya Karama si woga. Mwoga hunyamaza, au husema anachotakiwa kusema. Karama anasema kile ambacho hakutakiwa kukisema, na anakisema kwa lugha ambayo baraza haliwezi kukataa kuisikia.

4. Barua kutoka Luagala

Sasa tushuke kutoka nchi ya angani hadi pwani yetu. Mwaka 1888 watu wa pwani waliikataa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na mawakala wake wakaondoshwa katika miji kadhaa, Mikindani ukiwamo. Ujerumani ikamleta Wissmann na jeshi la kukodiwa. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Mwezi Mei 1890 majeshi ya Wissmann yalizikalia Kilwa, Lindi na Mikindani. Kutoka pwani hiyo ndipo wito ulipopanda hadi Luagala: Machemba ateremke, aje ajisalimishe.

Machemba alijibu kwa barua, na barua hiyo iliandikwa kwa Kiswahili. Hilo lisitushangaze. Watawala wa Wayao walikuwa wamefungamana na pwani kwa misafara ya biashara, wakawa na waandishi waliojua Kiswahili. Ng'ambo ya Ruvuma, mtawala mwenzao Mataka alikuwa amepanda miembe katika mji wake ili ufanane na pwani. Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya diplomasia ya bara la kusini, kabla Mjerumani hajakifanya lugha ya utawala wake.

Sitainukuu barua, nitaeleza mwendo wake. Machemba anaeleza kwamba amesikia maneno aliyoletewa, akatafuta sababu ya kumtii mtumaji, na hakuiona. Anaongeza kwamba kama linalotakiwa ni urafiki, yeye yu tayari kwa urafiki, leo na siku zote; lakini kuwa raia wa mwingine, hapana, ni afadhali kufa. Mwenzake ni sultani katika nchi yake, naye ni sultani katika nchi yake. Hamwamrishi mgeni amtii, basi na mgeni asimwamrishe. Na kuja pwani, hatakuja.

Tuipime barua hii kwa kipimo tulichokipata katika maneno. Imethubutu, bila shaka. Mwandishi wake hakuwa mjinga wa mambo yaliyotokea Pangani miezi michache tu kabla. Lakini pia inadai uthibitisho. Kiini chake ni kutafuta sababu na kutoiona. Mtu aliyezungukwa na mizinga anamwambia mwenye mizinga: nionyeshe haki yako. Matusi hayamo, na mlango wa urafiki umeachwa wazi. Huo ndio usemi wa Karama, miaka 61 kabla Karama hajaandikwa.

Kwa kuwa historia haiandikwi na mtunzi mwenye huruma, mwisho wa Machemba ulikuwa mwingine. Aliyakabili majeshi yaliyotumwa kumtiisha, akaendelea kuishi kama mtawala kwa miaka kadhaa. Mwaka 1895 boma la Wajerumani lilijengwa Mikindani; lingali limesimama. Kodi ya nyumba ilipoletwa katika miaka ya mwisho ya karne, mgogoro ukawaka upya, na mwaka 1899 Machemba alifukuzwa, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

5. Ujasiri wa nani, kwa ajili ya nani?

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumvika Machemba taji. Lakini uadilifu wa taaluma hauniruhusu. Utawala wake, kama tawala nyingi za Wayao za karne ile, ulishikamana na biashara ya pembe, mpira na watumwa. Uwanda wa Makonde ulikuwa na vijiji vilivyojificha katika vichaka vizito kwa sababu ya hofu ya watekaji. Usultani alioutetea kwa maneno mazuri kiasi kile haukuwa uhuru wa kila mtu aliyeishi chini yake. James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, alipoandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, aliwaona mashujaa upande mwingine kabisa, kwa Waingereza waliowakomboa watumwa. Tunaweza kuona kwamba aliwakweza mno wakombozi hao. Hatuwezi kumlaumu kwa kutowaona mashujaa miongoni mwa walioyashika mafungu ya misafara.

Hapa ndipo riwaya inapoikosoa historia. Ujasiri wa Machemba ulikuwa wa sultani anayemkatalia sultani mwingine. Ujasiri wa Karama ni wa mtu asiye na cheo, anayedai kitu ambacho watu wote watakitumia: sheria. Wajumbe sita hawakusafiri kwa ajili ya ufalme wao, kwa kuwa hawakuwa na ufalme. Shaaban Robert aliutoa ujasiri mikononi mwa wakubwa na wapiganaji, akauweka mahali ambapo karani, mwalimu au mkulima anaweza kuufikia.

Lakini historia nayo inaikosoa riwaya, na hapa naurudia ule ukosoaji wa wahakiki. Karama alishinda kwa sababu mfalme alisikiliza hadi mwisho. Machemba alimwandikia mtu ambaye hakuwa na nia ya kusikia. Ujasiri wa kusema una nusu mbili, na nusu moja tu imo mikononi mwa msemaji. Nusu ya pili ni sikio. Pasipo sikio, hoja iliyo thabiti kuliko zote huishia kuwa karatasi katika kumbukumbu za nyaraka za Ujerumani.

Wenyeji wa Mtwara hawahitaji kufundishwa jambo hili na profesa. Mwaka 2013 mkoa huu ulikuwa na swali lake: gesi ya Ghuba ya Mnazi, jirani na mlango wa Ruvuma, itolewe kwa bomba kwenda Dar es Salaam, nasi wa hapa tutapata nini? Swali hilo lilianza kwa maandamano mwezi Desemba 2012. Kufikia Mei lilikuwa limegeuka ghasia, majengo yakachomwa, wanajeshi wakaletwa, watu wakapoteza maisha. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Sikusudii kuhukumu hapa nani alikuwa na haki katika suala la gesi. Nasema tu kwamba kabla ya jiwe la kwanza kurushwa palikuwa na swali, na swali lilistahili baraza ambamo kila upande ungethibitisha neno lake. Anayetupa jiwe amethubutu bila kuthibitisha. Anayejibu swali kwa bunduki amekataa yote mawili. Na kilio kilikwenda kule kule ilikotuambia methali.

6. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika Kusadikika, na katika barua ya Luagala iliyoitangulia, ujasiri ni kusimama imara pamoja na neno lililo imara. Nimeonyesha pia kwamba kila moja linaupungukia mwenziwe: barua haikuwa na umma ndani yake, na riwaya haikueleza tufanye nini mfalme asiposikia.

Nawaomba walimu wa Kiswahili wanaoifundisha Kusadikika wasiishie kuwauliza wanafunzi sifa za Karama. Wawaulize pia sifa za baraza. Nani alikuwa akisikiliza? Nani alinyamaza, na kwa nini? Majivuno angewezaje kuendelea kama wengine wote wangedai ushahidi? Mwanafunzi anayejifunza kumsifu shujaa peke yake amejifunza nusu ya somo.

Methali ile haitafutika, wala haifai kufutwa. Imetokana na misiba ya kweli. Lakini kilio hakikuandikiwa shujaa tangu mwanzo. Hufika nyumbani kwake siku ambayo wengine wote wamechagua kicheko. Mtoto wa leo akiambiwa "Thubutu!", na tumpe nafasi ya kujibu: nimethubutu, na sasa naomba nithibitishe.