Sydney Greenstreet: Aliyeingia kwenye sinema akiwa na miaka 61

Kwa miaka 17 Kasper Gutman ameisaka sanamu ya ndege ya dhahabu na vito. Sasa anaikwangua sanamu hiyo kwa kisu kidogo, na kila anapokwangua, kinachotoka ni madini ya risasi tu. Anahamaki na kutaharuki. Kisha anavuta kola yake, anacheka na kutangaza kwamba safari inayofuata ni Istanbul, msako unaendelea.

Hiyo ni The Maltese Falcon ya mwaka 1941. John Huston alikuwa akiongoza filamu yake ya kwanza, na aliyemwigiza Gutman, Sydney Greenstreet, alikuwa hajawahi kuigiza filamu. Mwigizaji mwenzake, Mary Astor, alisimulia baadaye kwamba mzee huyo alimwomba amshike mkono kwa hofu aliyokuwa nayo. Mpiga picha Arthur Edeson aliiweka kamera chini, na mwili mkubwa wa Greenstreet ukajaza skrini.

Greenstreet alizaliwa Desemba 27, 1879, mjini Sandwich, Uingereza. Ujanani alikwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, kulima chai. Ukame ukamrudisha kwao. Akafanya kazi katika kiwanda cha bia huku akijifunza uigizaji, na mwaka 1902 akapanda jukwaani kama muuaji katika tamthilia ya Sherlock Holmes. Kundi la maigizo la Ben Greet lilimpeleka Marekani, alikocheza tamthilia za Shakespeare na vichekesho vya muziki. Miaka ya 1930 aliigiza pamoja na Alfred Lunt na mkewe Lynn Fontanne, wanandoa waliotamba katika tamthilia za New York.

Kwa hiyo Huston hakumpata mwanagenzi. Alimpata fundi aliyekwisha kutumia karibu miaka 40 kujifunza lini aseme, lini anyamaze na lini acheke. Gutman alimpatia uteuzi wa tuzo ya Oscar kwa mwigizaji msaidizi.

Mwaka 1942 ikaja Casablanca. Humo yeye ni Ferrari, mwenye baa aliyevaa suti nyeupe na tarbushi, anayejadili biashara ya magendo huku akiua nzi kwa kipigio. Anaonekana kwa dakika chache tu, lakini mtazamaji hamsahau. Aliigiza filamu tisa na Peter Lorre, mtu mdogo wa umbo mwenye macho makubwa. Aghalabu mmoja alipoonekana, watu walimtazamia na mwenzake.

Kazi yake yote ya sinema ilidumu miaka minane, filamu zipatazo 24. Aliaga skrini mwaka 1949, akamwigiza mpelelezi Nero Wolfe redioni, na akafariki Januari 18, 1954, baada ya kuugua kisukari kwa muda mrefu.

Waongozaji wetu wanaotafuta sura mpya wasiishie kwa vijana. Waende na kwenye majukwaa, wawatazame wazee waliobobea humo, wawape nafasi wangali hai.