Makutano ya barabara pembezoni mwa Bariadi: Namna yanavyopimwa na kuboreshwa

MKOA wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na maeneo ya mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ulikuwa na watu 1,584,157 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497.

Ongezeko hilo limekwenda sambamba na ujenzi wa barabara ya lami ya Lamadi-Bariadi-Maswa-Mwigumbi, yenye urefu wa kilometa 171.8. Barabara hiyo inaunganisha barabara kuu ya Mwanza-Musoma na ile ya Shinyanga-Mwanza, na inapita Bariadi, makao makuu ya mkoa.

Lami imefupisha safari, lakini pia imeongeza mwendo wa magari mahali ambapo njia za mitaani na vijijini huingia barabara kuu. Hapo hukutana malori ya pamba, mabasi, bodaboda, baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe na wanafunzi wanaotembea kwa miguu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mtu mzima huhitaji takriban sekunde sita kuvuka barabara ya upana wa meta saba. Katika muda huo, gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa husogea meta 83, na linalokwenda kilometa 80 husogea meta 133.

Kuhesabu magari

Tathmini ya makutano huanza kwa kuhesabu vyombo vyote kwa aina yake na kwa uelekeo wake. Makutano ya njia tatu yana mielekeo sita ya kuhesabiwa, na ya njia nne yana 12.

Hesabu hizo hubadilishwa kuwa kipimo kimoja kinachofananishwa na gari dogo, kwa kuwa lori huchukua nafasi kubwa kuliko pikipiki. Wataalamu hupima pia muda wa kusubiri, mwendo wa magari, umbali ambao dereva anaweza kuona, na kumbukumbu za ajali.

Kwa mkoa unaotegemea pamba, siku ya kuhesabu ina uzito wake. Msimu wa ununuzi, ambao kwa kawaida huanza Mei, na siku za mnada huwa na magari tofauti na siku nyingine. Hali kama hiyo ilionekana pia wakati wa maonesho ya kitaifa ya Nane Nane, yaliyofanyika viwanja vya Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020.

Njia za kuboresha

Hatua nafuu ni kuondoa vibanda, miti na malori yaliyoegeshwa kwenye kona, kuchora vivuko, kuweka alama, taa za barabarani na matuta. Nyingine ni kutenga sehemu ya kusubiri kwa magari yanayokata kulia, kwani nchini, ambako magari hupita kushoto, hayo ndiyo hulazimika kukatiza njia ya wanaokuja mbele.

Hatua kubwa zaidi ni kujenga mzunguko, maarufu kama kipilefti. Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambazo magari yanaweza kugongana, lakini kipilefti cha njia moja moja kina sehemu nane tu. Hulazimisha kila dereva kupunguza mwendo na hakihitaji umeme, ingawa kinahitaji eneo kubwa.

Taa za kuongozea magari hufaa pale magari yanapokuwa mengi kutoka pande zote. Barabara za juu, kama ile ya TAZARA iliyofunguliwa mwaka 2018 jijini Dar es Salaam, ni kwa foleni za miji mikubwa.

Nani anahusika

Makutano ya pembezoni mara nyingi yana wenye dhamana wawili. Wakala wa Barabara (TANROADS), ulioanzishwa mwaka 2000, unasimamia barabara kuu na za mikoa. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, unasimamia njia za wilaya na mitaa zinazoingia humo. Upande mmoja ukiboreshwa peke yake, tatizo huhamia upande wa pili.

Bariadi ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyonufaika na programu ya kuimarisha miji ya ULGSP, na imo katika miji 45 ya mradi wa TACTIC. Programu zote mbili zimepata fedha za Benki ya Dunia, na ujenzi wa barabara za miji ni sehemu ya kazi zake.

Gharama inayoweza kuepukwa ni ya ardhi. Baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi kinyume cha sheria huvunjiwa bila fidia. Aliyefuatwa na barabara hulipwa.

Kwa hiyo mwenye kununua kiwanja karibu na njia panda anapaswa kuuliza mipaka ya hifadhi katika ofisi za TANROADS au TARURA kabla ya kulipa. Aliyekwisha kujenga anaweza kupeleka hoja yake kupitia mtendaji wa mtaa au diwani kabla michoro haijakamilika.