Wino wa Jiwe

Katika ardhi ya Ruangwa, jirani ya Nachingwea, mna jiwe jeusi, laini, lenye kung'aa, ambalo huacha weusi vidoleni mwa mtu alishikaye. Sisi twaliita kinywe. Wachina, ambao nchi yao huchimba kinywe kwa wingi kupita nchi zote, huliita shimo. Msomaji asicheke, ni sadfa ya sauti tu, ingawa mwenyeji wa Chilalo akilisikia jina hilo atadhani anaonyeshwa mgodi. Kwao shi ni jiwe, na mo ni wino.

Herufi hiyo ya pili, 墨, yastahili kutazamwa kwa utulivu. Juu yake pana alama ya weusi, chini alama ya udongo. Xu Shen, aliyemaliza kamusi yake mwaka 100 baada ya Kristo, aliieleza kuwa ni wino wa kuandikia. Wino wenyewe ulifanywa kwa masizi ya msonobari yaliyochanganywa na gundi. Lakini maana hazikukoma hapo. Seremala alikuwa na uzi uliochovywa katika wino, wa kupigia mstari ulionyoka juu ya ubao. Kwa hiyo neno likapata kumaanisha kanuni. Mhalifu naye alichanjwa usoni na kutiwa wino, na adhabu hiyo ikaitwa mo vilevile, hata Mfalme Wen wa ukoo wa Han alipoifuta mwaka 167 kabla ya Kristo. Herufi iliyompa mwanachuoni heshima ndiyo iliyomfedhehesha mwenziwe.

Li Daoyuan, katika karne ya 6, asimulia juu ya wino wa jiwe uliofaa kuandikia, na ambao ukiwashwa hauishi upesi. Hapana shaka hayo yalikuwa makaa ya mawe; jina lilikuja kutua juu ya kinywe baadaye. Wazungu nao hawakuwa mbali: mwaka 1789 Werner, Mjerumani, alilipa jiwe hili jina litokanalo na neno la Kiyunani la kuandika. Tena sisi na Wachina tumekosea mahali pamoja: wao huiita penseli kalamu ya risasi, na wazee wetu vivyo hivyo, ingawa ndani yake hamna risasi bali kinywe.

Nachingwea imepata kuwaona Wachina zamani, wakiwafunza wapiganaji wa Frelimo kambini. Siku hizo hakuna aliyelijali jiwe hili. Leo hutiwa katika betri za magari ya umeme, na China ndiyo isafishayo sehemu kubwa ya kinywe cha betri duniani. Tangu Desemba 2023 hakitoki huko bila kibali. Aprili mwaka huohuo Serikali yetu ilitia sahihi mkataba juu ya Chilalo, ikapata hisa za asilimia 16. Ni vema, lakini mwenye jiwe bado hajawa mwenye wino. Mapori ya Nachingwea yalifyekwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, tangu 1947 hata 1951, na hesabu yake ikafungwa London. Watu wa Ruangwa wana haki ya kuuliza kinywe chao kitasafishwa wapi.