Tarehe ya Nyundo ya Bweranyange na Nyumba ya Babu Yetu

Naandika tarehe hii ili neno moja lipate mwisho: nyundo iliyo kwetu haikuazimwa, ilikabidhiwa. Kila penye msiba au harusi ya ukoo, kuanzia Kayanga hadi Murongo, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikishazunguka mara ya pili husimama mtu wa nyumba ya kwanza, uzao wa mke wa kwanza wa baba yake babu, akasema marehemu babu yetu alishikishwa nyundo kwa muda tu, akafa nayo. Wazee waliokuwa wakimjibu wanazidi kupungua. Mimi ni mjukuu wa nyumba ya pili, nimelelewa na babu na bibi wenyewe, na nimevuta mivukuto ya kiwanda chao cha uhunzi tangu mikono yangu haijatosha kushika jembe. Niliyoyasikia kwao nayaweka hapa kama walivyoyasema.

Nianze mbali: ufalme wa Karagwe haukuanza na ukoo wa Bahinda. Kabla yao alikuwapo Nono wa Malija, wa ukoo wa Basita. Kisha akaja Ruhinda, ambaye wazee humtaja kuwa mwana wa Wamara wa Bachwezi, akautwaa utawala, na jina la Bahinda likaenea hadi Nkore, Ihangiro na Buzinza. Waliofuata ni akina Ntare na akina Ruhinda wengine, na wanaojua kuwapanga wapo. Habari yetu inaanza kwa Ndagara, Omukama, yaani mfalme, aliyekaa Bweranyange.

Ndagara alipenda chuma. Wazee wetu husema hakuona aibu kukaa kiwandani na wahunzi, jasho likamtoka pamoja nao, na ndiyo sababu mhunzi wa Karagwe hakuwahi kudharauliwa. Katika vitu vya enzi vya Bweranyange walikuwamo ng'ombe wa chuma, pembe zao zimenyanyuliwa juu vile vile zilivyo za ng'ombe wetu, pamoja na mikuki na nyundo. Wako watu wasio wa huku wanaosema kazi hizo lazima zililetwa kutoka nchi nyingine. Neno hilo lilikuwa likimwamsha babu hata kama amelala. Tanuru za kale zilizofukuliwa katika mkoa huu wa Kagera zina umri wa zaidi ya miaka 2000. Nchi iliyoyeyusha chuma muda wote huo ingekwenda kuomba ng'ombe wa chuma kwa jirani kwa sababu gani? Babu hakuwa na habari za wachimbaji wa mambo ya kale. Yeye alinyoosha mikono yake mbele ya mgeni na kusema, "Aliyezifua ni mwenye mikono hii." Alimaanisha baba wa babu yake, ambaye alikuwa miongoni mwa wahunzi wa Ndagara, na ndiye shina letu.

Hapa lazima niseme habari ya ngoma, maana babu hakuweza kuipita, nami siwezi. Ndagara alipofariki, wanawe watatu waligombea kiti. Wakawekewa ngoma ndogo chini, nyepesi kabisa kwa kuitazama, lakini imefanyiwa dawa. Wa kwanza akainama, ikamshinda. Wa pili naye, ikakaa pale pale. Rumanyika akainyanyua kwa kidole cha mwisho cha mkono. Speke, msafiri Mwingereza, mwenyewe alihadithiwa habari hiyo ikuluni akaiandika kitabuni mwake, kwa hiyo asije mtu akasema babu aliitunga ili kutulaza. Alipofika kwenye kidole, babu alikuwa akiinyanyua nyundo yake ile nzito, chuma kitupu kisicho na mpini, akaishusha polepole mbele yetu, nasi tukajaribu mmoja mmoja kuinyanyua kwa kidole hicho hicho. Hakuna aliyeweza. Basi akacheka mpaka akafuta macho, na bibi akaita kutoka jikoni kwamba watoto wataumia.

Rogero, nduguye Rumanyika, hakukubali hukumu ya ngoma, akapigana. Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kaze, alimsaidia Rumanyika kwa kumshawishi Suna, mfalme wa Buganda, alete jeshi, na Rogero akashindwa. Shina letu lilikuwa upande wa Rumanyika. Novemba 1861 wakafika Speke na mwenzake Grant. Grant akabaki Karagwe hadi mwaka uliofuata kwa sababu ya mguu ulioharibika, na huyu shina letu alimwona kwa macho, akasimulia nyumbani kwamba yule mgonjwa alikuwa akichora kila kitu, watu, ng'ombe na nyumba. Msafiri Stanley naye alipokuja 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika na vyuma vilivyokuwamo. Walivyovifua wahunzi wetu ndivyo alivyovitazama.

Baada ya Rumanyika mambo yaliharibika. Wajerumani walifungua kituo Bukoba mwaka 1890, na miaka ile ile sotoka ikamaliza ng'ombe, ikafuata ndui na njaa. Mwana wa shina letu akaondoka Bweranyange na kuelekea kaskazini, upande wa Mabira, ambako leo ni Wilaya ya Kyerwa. Yeye alibeba nyundo ndani ya ngozi ya ndama. Mkewe alibeba machipukizi ya migomba kichwani, ameyafunga kwa majani makavu yasikauke njiani. Kibanja chetu, shamba letu la migomba, kilianza kwa machipukizi hayo, kabla kiwanda hakijajengwa. Hilo bibi alitaka lisemwe kila wakati nyundo inaposemwa, nami nalisema.

Huyo mwanzilishi wa kibanja alizaa watoto kadhaa. Mmoja alihamia Isingiro. Mwingine alikwenda Nyaishozi, uzao wake upo. Binti mmoja aliolewa ng'ambo, Uganda. Aliyebaki na moto ni baba yake babu, naye alioa wake wawili, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Mwana wa mke wa kwanza alikuwa mkubwa kuliko babu. Enzi ya Mwingereza, kama vijana wengi wa Karagwe, alivuka kwenda Buganda kutafuta kazi katika mashamba, akakaa miaka mingi bila salamu. Baba yao akaanza kuishiwa nguvu za macho. Mhunzi asiyeona rangi ya chuma kinapoiva hawezi kukipiga kwa wakati wake. Akaita wazee wa ukoo, rubisi ikakamuliwa, akamwita babu mbele yao, akamkalisha kwenye kigoda, akamwekea nyundo mikononi na kumwamuru apige pigo moja kwenye chuma chenye moto. Babu akapiga. Mzee akasema, "Moto umepata mwenyewe." Bibi alikuwa bi harusi bado mgeni, anahudumia, na alisikia neno hilo kwa masikio yake. Siku hiyo alikabidhiwa ile ngozi ya ndama aitunze, na aliitunza mpaka alipoingia kaburini.

Kaka yake babu alirudi baadaye na baiskeli na koti. Nyumba ya kwanza husema alidai nyundo akanyimwa. Sisi tunasema hivi: miezi si mingi baada ya kurudi alifika kiwandani, akaagiza muhoro wa kupogolea migomba, akaulipia fedha taslimu, akaondoka nao. Muhoro huo wameutumia wenyewe, na wazee wao wanaukumbuka. Mtu hulipia kazi iliyofanywa kwa nyundo ya mwingine. Angekuwa anaamini nyundo ni yake, angeichukua au angedai muhoro bure. Hoja hii nimeitoa mara nyingi mbele ya watu wa nyumba ya kwanza, nao hugeuza maneno wakaanza habari ya mipaka ya kibanja.

Sasa niwataje babu na bibi walivyokuwa, kwa sababu nyundo bila wao ni kipande cha chuma.

Tulipofunga shule wajukuu wote tulikusanywa kwao, wa kutoka Kayanga, wa Omurushaka, hata wa Bukoba mjini waliokuwa wakiongea Kiswahili tu mpaka bibi awakataze. Kwake ilikuwa Kinyambo. Ulipiga magoti ukasalimu, ukangoja akushike kichwa, ndipo uinuke. Nyumba ya msonge ilikuwa imeshaanguka tulipozaliwa, na ile ya bati ilikuwa na sakafu ya udongo, lakini bibi aliendelea kutandaza nyasi mpya chini kila wageni walipotarajiwa, na harufu ya nyasi hizo ilitupa habari ya sherehe kabla hatujaambiwa.

Asubuhi babu aliwasha moto. Chuma cha mawe hakikuwepo tena. Alitumia springi za malori chakavu, akizinunua Omurushaka. Sisi tulivuta mivukuto kwa zamu, huku yeye haongei. Alitazama chuma kikiwa chekundu, kikiwa cha machungwa, na kilipoanza kupauka alikitoa kwa koleo na kukiweka juu ya fuawe. Hakuruhusu mtu kumsemesha kati ya moto na pigo la mwisho. Mtoto aliyevuta vizuri alipewa kisu kidogo chenye jina lake moyoni mwa babu tu, maana hakuandika. Lakini ukikipoteza, alijua ni cha nani kilichookotwa. Changu ninacho.

Upande wa bibi ulikuwa kahawa. Kahawa nyingi ilianikwa ikakauka na maganda yake kwenda chama cha ushirika, ambacho tangu 1990 kwa Karagwe ni KDCU, na fedha yake ilikuwa ada zetu za shule. Lakini bibi alichagua tunda bichi lililokomaa, akalichemsha pamoja na majani yenye harufu ambayo aliyachuma mwenyewe, akalianika, akalihifadhi katika kikapu kidogo chenye mfuniko alichokisuka. Hiyo ni kahawa ya kutafuna. Mgeni hakuulizwa habari mpaka kikapu kimfikie. Babu na kaka yake, hata walipokuwa hawaelewani, walitafuna kutoka kikapu kimoja, na bibi ndiye aliyekipeleka katikati yao. Nyumba ya kwanza wanalikumbuka hilo pia, sijasikia walikane.

Ndizi za pombe zilifukiwa shimoni ziive. Siku ya kukamua, wanaume walizikanda kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, na omuramba ukatoka, mtamu, wenye povu. Ule ulikuwa wetu watoto, tukinywa kwa vibuyu vidogo hadi matumbo yakaze. Uliobaki ulitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake ulikuwa rubisi, hatukuukaribia tena. Kabla mtu hajaonja, babu alimwaga kidogo kwenye makaburi kibanjani, akitaja majina kuanzia aliyetoka Bweranyange. Hivyo ndivyo nilivyoyashika majina hayo, nikiwa nimeshika kibuyu na kungoja amalize.

Mvua za Novemba zilileta senene. Bibi alituamsha giza halijaondoka, twende nyasini kabla umande haujakauka na mabawa yao hayajapata nguvu. Tuliwanyonyoa mabawa na miguu, tukamsaidia kukaanga, na yeye hakuonja hata mmoja, kwa kuwa wanawake wa umri wake hawakula senene. Aliwapeleka mbele ya babu kwenye chano. Babu alikula kwanza, akasifu, na kabla mwezi haujaisha lazima kitenge kipya kiletwe nyumbani kwa ajili ya bibi. Wajukuu wa kike siku hizi wanakula, na bibi katika uzee wake aliwatazama bila kuwakemea. Mwaka mmoja fedha ya kahawa ilichelewa sana. Babu alifua majembe usiku kwa usiku, akayauza mnadani, akarudi na kitenge. Nimewaona watu wengi wakipendana tangu hapo; kipimo changu ni kitenge kile.

Mengine yaliyopita nayataja tu. Operesheni ya vijiji ya 1974 ilitaka kutuhamisha, kibanja kikanusurika. Wakati wa vita na Amin, 1978 hadi 1979, kiwanda kilifungwa kwa muda. Babu alifariki kabla ya 1994, mwaka ambao Karagwe ilijaa wakimbizi wa Rwanda na bibi akawapikia ndizi na maharage watu ambao hakujua majina yao. Yeye alimfuata babu baadaye. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani tuling'oa sehemu ya kibanja na kupanda upya, na chipukizi lililobaki zima lilitoka karibu na kaburi la bibi. Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya yake yenyewe, na 2019 jina la Rumanyika likapewa hifadhi ya taifa, Rumanyika-Karagwe.

Nyundo iko kwa baba yetu mdogo, mtoto wa mwisho wa babu, pale pale kibanjani, imefungwa katika ngozi ile ile ya ndama. Anaiwashia moto mara chache, kwa mihoro na visu. Ndugu wa nyumba ya kwanza wanakaribishwa siku yoyote. Tutawapokea kwa kahawa ya kutafuna, nyundo itawekwa juu ya kigoda waitazame na waishike, na atakayependa anaweza kujaribu kuinyanyua kwa kidole. Kuondoka nayo, hapana.