Zero na sifuri ni neno moja

Darasani mtoto akisema "sifuri", wenzake wanamucheka: eti aseme zero kama watu wa masomo. Kumbe ni neno lile lile. Namba yenyewe ilitoka India. Waarabu wakaiita sifr, maana yake tupu, na Kiswahili kikapokea kwao. Muitalia Fibonacci, aliyesoma hesabu zao akiwa kijana kule Bugia, Algeria ya leo, aliandika zephirum katika kitabu chake cha mwaka 1202. Waitalia wakafupisha: zero. Likapita Kifaransa, ndipo likafika Kiingereza. Ile sifr ilizaa tena chiffre tunayoandika kila siku kwenye interro, pia cipher ya Kiingereza, ambayo leo ni maandishi ya siri. Basi huyo mtoto wa sifuri ndiye aliye karibu zaidi na Waarabu.