Nyumba ya Masista wa Bagamoyo na Vitu vya Shule Zetu za Zamani

Katika mkutano wetu mkuu uliopita, baada ya hesabu za fedha kusomwa na kukubaliwa, mzee mmoja aliinuka akauliza jambo ambalo halikuwamo katika ajenda. Alitaka kujua kile kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa kama kengele katika shule ya misheni tuliyosoma wengi wetu kiko wapi. Wengine walicheka, lakini kicheko kilipokwisha ilidhihirika kwamba hapana ajuaye. Ndipo wanachama wakaazimia kwamba chumba kimoja cha ofisi yetu kitengwe kiwe nyumba ndogo ya makumbusho ya shule za Kikatoliki za sehemu hii, na kamati ikaniagiza niandike juu ya mahali ambako kazi ya namna hiyo imekwisha kufanyika, ili tusianze gizani. Nimechagua Bagamoyo. Ingawa iko ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya jirani zetu wa Tanzania, shirika lililoijenga ndilo lililofungua misheni ya Bura katika nchi ya Wataita mwaka 1892, na ile ya Mtakatifu Austin hapa Nairobi mwaka 1899.

Kazi yenyewe ilianzia Unguja. Mwaka 1860 Padri Fava alifika huko kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na masista wa shirika la Mabinti wa Maria, na mwaka 1863 kazi ikakabidhiwa Mapadri wa Roho Mtakatifu. Mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, mapadri hao walivuka bahari wakajenga Bagamoyo, mji ambao misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara ilikuwa ikiishia.

Wanafunzi wao wa kwanza hawakuletwa na baba zao wakiwa wameshikwa mkono. Walikuwa watoto waliotekwa bara. Wengine walikombolewa kwa fedha sokoni, na wengine waliokolewa na manowari za Waingereza zilipoyakamata majahazi ya watumwa. Hawakuwa na wazazi wa kuwauliza kama walipenda shule au hawakuipenda. Wavulana walifundishwa kusoma, dini, useremala, uashi, uhunzi na kilimo. Wasichana walikuwa mikononi mwa masista, wakijifunza kushona na kazi za nyumbani pamoja na masomo. Walipokua walioana, wakapewa makao katika kijiji kilichokuwa karibu na misheni. Yatupasa kusema kweli yote: watoto hao walifanya kazi nyingi katika mashamba ya misheni, na sheria za mahali pale zilikuwa kali. Lakini ufundi walioupata ulikuwa ufundi kamili. Mapadri walipokwenda bara kufungua misheni ya Mhonda mwaka 1877, Wakristo wa Bagamoyo walifuatana nao.

Mambo hayakuwa mepesi. Kipindupindu kilipita pwani mwaka 1869 na 1870, na mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ikayabomoa majengo ya misheni, ikawa kujenga upya. Mwaka uliofuata Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipotembelea pwani kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, aliiona shule ya Bagamoyo akaisifu sana, hasa kwa mafundisho yake ya kazi za mikono. Wenzetu wa Mombasa wanalijua jina lake, maana mwaka 1875 Wamisheni wa Kianglikana walijenga kijiji cha watumwa waliowekwa huru huko Kisauni, kikaitwa Freretown.

Nyumba ya Masista ilijengwa mwaka 1876. Ndiyo ninayotaka wanachama waiangalie, kwa sababu ndiyo leo nyumba ya makumbusho ya misheni ile. Hawakujenga jumba jipya. Walilichukua jengo la zamani wakaweka ndani yake yaliyobaki: picha, karatasi, na minyororo ya watumwa. Nadhani bahati iliwasaidia pia. Wajerumani walipohamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891, Bagamoyo iliachwa nyuma, na mji ulioachwa nyuma haubomoi nyumba zake za kale ili kujenga maduka. Sisi tulio karibu na barabara kuu hatuna bahati hiyo.

Kuna jambo moja la pale ambalo kamati yapaswa kulikumbuka. Katika uwanja wa misheni upo mbuyu mkubwa, na katika shina lake kimeonekana kipande cha mnyororo kilichomezwa na mti. Mgeni akikiona husema mara moja, hapa ndipo walipofungwa watumwa. Lakini wenyeji wa misheni husimulia kwamba mnyororo ule ulikuwa wa kumfungia punda wa bibi mmoja Mfaransa, aitwaye Madame Chevalier. Kitu kisicho na maandishi kando yake kitasemewa na kila apitaye. Kwa hiyo mimi naona ni afadhali chumba chetu kiwe na vitu kumi vilivyoandikwa vizuri, ni cha nani, kilitumika wapi na mwaka gani, kuliko kuwa na mia visivyojulikana.

Tena kuna upungufu ambao sharti tuuepuke. Majina ya mapadri wa Bagamoyo twayajua. Twamjua Padri Horner. Twamjua Padri Charles Sacleux, aliyeishi pale akajifunza lugha yetu hata akatunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapwa mwaka 1939. Lakini wale watoto waliokaa madawatini, ambao bila wao isingekuwako shule, ni wachache mno ambao mtu wa kawaida aweza kuwataja kwa jina. Makumbusho ya shule yasiyokuwa na wanafunzi ni makumbusho ya walimu tu.

Nasi huku Kenya tumetawanya mengi. Angalieni shule iliyoanzishwa Kabaa, kando ya mto Athi, mwaka 1925. Ilihamishiwa Mang'u, na katika miaka ya 1970 ikahama tena kwenda mahali ilipo sasa. Humo walisoma Tom Mboya na Mwai Kibaki. Kila shule inapohama, madawati huchukuliwa na daftari kuukuu huachwa. Mwenye nyumba yeyote aliyewahi kuhama anajua ninayoyasema.

Lakini si kuhama peke yake. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika shule moja, ambayo sitaitaja, nikiwa nimefuatana na mzee wa Chama hiki aliyetakiwa kuthibitisha umri wake ili apate malipo yake ya uzeeni. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama wengi wa rika lake. Alitumaini kuonyesha mwaka alioandikishwa darasa la kwanza. Tulipokewa kwa heshima, tukapewa chai, tukaambiwa kwamba daftari zote za zamani zilichomwa moto likizo iliyotangulia ili ghala lipate nafasi ya mifuko ya saruji. Mzee hakusema neno. Njiani aliniambia kwamba katika daftari lile ndugu yake mdogo alikuwa ameandikwa mstari uliofuata jina lake, na kwamba ndugu huyo alifariki akiwa darasa la tatu, kabla hajapigwa picha hata moja. Malipo yake aliyapata baadaye kwa kiapo. Jina la ndugu yake halina kiapo cha kulirudisha.

Kwa sababu hiyo naiomba kamati ianze na karatasi kabla ya vitu vingine: daftari za mahudhurio, vyeti vya ubatizo na vya kumaliza shule, ripoti za muhula, stakabadhi za karo, barua za walimu, picha za darasa ambazo bado wako wazee wa kutaja nyuso zake. Mwenye kupenda kubaki na karatasi yake asilazimishwe kuitoa; itapigwa picha na kurudishwa siku ile ile. Baada ya hayo ndipo vifuate vibao vya kuandikia, sare, majembe ya shamba la shule na vinginevyo.

Hadi taarifa hii inapokwenda kupigwa chapa, tumepokea kibao kimoja kilichopasuka pembeni, vyeti viwili, na picha moja ya mwaka usiojulikana, yenye wavulana thelathini na mmoja ambao tisa kati yao wamekwisha kutambuliwa. Picha hiyo imewekwa juu ya meza ya karani. Wazee wanaombwa sana wapite waitazame, wakija na miwani yao. Kuhusu kile kipande cha reli, kimepatikana kwa fundi wa baiskeli hapo sokoni, ambaye hukitumia kama fuawe; amekubali kukitoa akipewa kingine cha uzito huo huo, na mweka hazina analishughulikia jambo hilo.