Uzito wa Turubai

Miaka michache iliyopita niliamua kuishonea pikapu yangu turubai, ili niwapeleke wajukuu Mikumi tukalale kambini. Nilidhani ni shughuli ya asubuhi moja. Ikanichukua wiki mbili, na kilichonichelewesha hakikuwa fedha.

Gari lenyewe ni Land Rover kuukuu, na magari hayo na turubai ni ndugu wa siku nyingi. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, ilikuwa na paa la turubai. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Paa la kitambaa lilikuwa jepesi na liliweza kuvuliwa. Gari la shambani likageuka kuwa gari la porini, na sisi wa umri wangu tulikua tukiliona likipita na turubai lake lililopauka kwa jua.

Basi nikaenda Kariakoo kwa fundi mshona mahema. Akanitandikia vitambaa viwili.

"Mzee, chukua hili la plastiki," alisema. "Ni jepesi na halipitishi tone. Lile la pamba ni zito, na likilowa utajuta."

Neno hilo, "likilowa", lilinirudisha mbali. Pale tuliposimama pamepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Barabara zilikuwa chache, na ndorobo waliua farasi na nyumbu, kwa hiyo mizigo ya vita ilipanda vichwani mwa watu, ratili 50 hadi 60 kwa kila mmoja. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao. Waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao, ila yeye alirudi. Alibeba hema la afisa kuelekea Rufiji, katika mvua kubwa za mwaka 1917. Alituambia kwamba turubai likilowa ni kama mtu wa pili aliyekukalia kichwani, na asubuhi hakuna aliyesubiri likauke. Jioni alilisimamisha hema hilo, kisha akalala nje.

Niliondoka bila kununua kitu. Nilijiuliza, je, ni haki mimi kuita starehe kile kilichomvunja babu shingo?

Nyumbani niliazima turubai la plastiki, nikalifunika gari, nikalala ndani yake na wajukuu wawili usiku mmoja uani. Maji ya nje hayakuingia, lakini ilipofika alfajiri pumzi zetu wenyewe zilikuwa zimegeuka matone yanayotudondokea. Plastiki haipumui. Pamba ina tabia nyingine: ikiwa kavu hupitisha hewa, na ikinyeshewa nyuzi zake hunywa maji, zikavimba, na vitundu vikajiziba. Ndiyo maana turubai jipya hulowanishwa na kukaushwa mara mbili tatu kabla ya safari, mishono ipate kukaza. Lina masharti yake pia. Usiliegemee kwa ndani likiwa limelowa, kwani maji yatapenya pale ulipoligusa. Wala usilikunje bichi likakaa hivyo, maana kuvu italila.

Nikarudi kwa fundi nikachagua la pamba. Alishangaa, nikamwambia kwamba uzito huo siku hizi unabebwa na magurudumu manne. Kilichokuwa kibaya katika habari ya babu hakikuwa kitambaa. Ubaya ulikuwa kwamba aliyelibeba hema hakuwa na nafasi ndani yake.

Nimejiwekea sharti moja. Turubai hulianika mwenyewe mpaka likauke, hata tukichelewa kuondoka, na wajukuu wakinung'unika huwasimulia habari za Rufiji.

Usiku wetu wa kwanza Mikumi mvua ilinyesha. Niliamka, nikawahesabu kwa mkono gizani mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa ndani, wakavu.